Makasha Yasiyovuja ya Fundi Aroni

Sanduku la Fundi Aroni Mushumbusi halikuvuja. Jambo hilo lilijulikana kutoka Izigo hadi Muleba, na yule ambaye hakulijua alielezwa na Aroni mwenyewe, tena bila kuuliza. Mzazi akija kuchukua sanduku la binti yake anayeolewa, Aroni hakumwachia aondoke nalo hivi hivi. Aliliweka uani, akaita majirani, akamimina ndoo mbili za maji ndani, akafunga kifuniko, kisha akamkaribisha mgeni kula ndizi. Wakishashiba wanarudi kutazama. Chini pakavu, hata tone. "Haya," anasema Aroni, "sasa yamwage, ulianike, mtoto atie nguo zake." Miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza Aroni, bibi harusi ataweka maji sandukuni kwa kazi gani.

Alizaliwa hapo hapo Izigo, katika kibanja cha ndizi na kahawa, Mjerumani akiwa bado ndiye bwana wa nchi. Mwingereza alipoingia, Aroni alikuwa kijana wa karakana ya misheni, anajifunza kupiga randa na kuimba sauti ya tatu. Kuimba hakukuwezekana. Randa ikawezekana vizuri mno, na watu wote wakashukuru kwamba haikuwa kinyume chake.

Siri yake ilikuwa katika kukausha. Mbao za msambya alizipanga darini jikoni, juu ya meko, zikae zinakula moshi mwaka mzima, pengine miwili, mpaka ukizigonga kwa kidole zinalia. Dada yake Adventina, aliyehamia kwake kumpikia tangu mkewe alipofariki, alilalamika kila siku kwamba anapika chini ya shehena na kwamba siku moja wataokota mifupa yake kwenye sufuria. Aroni alimjibu kwamba ubao uliokauka hivyo hauna tena shida na dunia. Ukishaunganishwa na mwenzake, hata unywele haupiti. Katika hilo alisema kweli.

Basi mwaka wa 1948, akiwa na mvi za kutosha kuwa na akili, Aroni akapenda.

Aliyempenda ni Kokubanza, mjane aliyekaa mtaa wa Kashai kule Bukoba mjini, ambaye watu walimwita Mama Alistidia kwa jina la binti yake. Mama huyu alikuwa na mashua ya tanga, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alinunua mikungu ya ndizi Izigo, akaisafirisha kwa lori hadi Bukoba, akaipakia kwenye mashua na kuipeleka kisiwa cha Bumbire, ambako samaki ni wengi na ndizi ni za kutafuta. Siku ya kwanza alipofika uani kwa Aroni alikuta sanduku limejaa maji na watu wamelizunguka wanalitazama. Alipoelezwa sababu, alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Mwanamke mwingine angecheka hivyo, Aroni angenuna wiki nzima. Huyu alipocheka, Aroni alijikuta anamimina ndoo ya tatu.

Tabu ilikuwa marehemu. Lameki, mume wa Kokubanza, alikuwa mtu wa ziwa hasa. Mwaloni Bukoba, pale mashua zinapotia nanga, wanaume walikuwa bado wanamsimulia vifua mbele: alivyovuka usiku bila mwezi, alivyokuwa hajui woga ni kitu gani, hata siku ile aliyoingia kwenye mtumbwi wakati kila mtu amekokota wake nchi kavu. Ziwa lilimchukua siku hiyo, na sifa zikabaki. Aroni alizisikiliza zote, akapiga hesabu zake kichwani, akaamua kwamba mjane wa mtu wa ziwa hawezi kutaka mwanamume mwingine isipokuwa mtu wa ziwa.

Na yeye je? Ziwa alikuwa akiliona kutoka kilimani tangu utoto, na kuliona kulimtosha. Mashua hajawahi kupanda, mtumbwi hajawahi kupanda. Akienda ufukweni kunawa miguu alishika majani kwa mkono mmoja. Lakini siku Kokubanza alipomuuliza, "Fundi, ziwa unalijua?" ulimi ulitangulia, akili ikabaki nyuma inamwita.

"Mimi? Tangu ujana."

Kokubanza alikuwa na sababu ya kuuliza. Sehemu ya nyuma ya mashua yake, pale anapokaa nahodha na usukani, palikuwa na makasha mawili marefu, moja kila upande. Vifuniko vyake ndivyo vilikuwa viti, na ndani mlikaa kamba, sindano za tanga, chakula cha njiani na vikorokoro vingine. Yalikuwa yameoza. Bawaba zimeliwa na kutu, mbao zimelainika, na nahodha mwenyewe, Mzee Muhidini, alikuwa ameshatumbukia mara mbili ndani ya kiti chake akiwaamkia watu. Kokubanza alitaka makasha mapya.

Aroni alikwenda Bukoba kupima. Mashua ilikuwa imevutwa mchangani, kwa hiyo alipanda bila wasiwasi wowote, akatembea humo kwa madaha. Alipima kwa kamba ya mgomba, akipiga fundo kila penye kona, kama alivyozoea. Chini kabisa ya kila kasha, kwenye pembe, aliona tundu la kuingia kidole gumba. Akatikisa kichwa. "Panya," alisema peke yake. "Lo, mawe! Hata majini wanafika."

Alipomaliza kufunga mafundo, akajikaza akamfuata Kokubanza aliyekuwa anahesabu mikungu, akavua kofia. "Mama Alistidia," alisema, "mimi ni mgane na wewe ni mjane. Nyumba yangu haivuji." Alikuwa ameandaa maneno mengine mengi, mazuri kuliko hayo, lakini yalikataa kutoka.

Kokubanza hakucheka safari hii. Alimtazama kidogo, akaweka chini mkungu aliokuwa ameushika. "Tengeneza makasha kwanza, Fundi. Hapa mwaloni tuna desturi, fundi hukaa juu ya kazi yake safari ya kwanza. Utakwenda nasi Bumbire. Tukifika salama, nitakupa jibu lako."

Aroni alisema vizuri sana, hakuna shida, akarudi Izigo kwa lori, akakaa upande usioliona ziwa.

Alifanya kazi wiki tatu. Alishusha mbao zilizokaa darini kuliko zote, zile alizokuwa anaziweka kwa ajili ya masanduku ya watoto wa wakubwa, akazipiga randa mpaka zikang'aa. Vifuniko alivikata viingie ndani ya ukingo sawasawa, vikifungwa vinatoa pumzi, puu, kama mtu aliyeketi baada ya kazi. Na matundu ya panya bila shaka hakuyaweka.

Asubuhi ya kuondoka Adventina alimfungia ndizi na karanga, akamsindikiza hadi barabarani kungoja lori.

"Aroni," alisema, "wewe hata dimbwi la barabarani unalizunguka. Mwambie yule mama ukweli."

"Nikimwambia nitamkosa, dada."

"Na ukizama?"

"Nikizama nitakuwa nimemkosa kwa heshima," alisema Aroni, na lori likaja.

Makasha yaliingia mahali pake bila kuongeza wala kupunguza. Watu wa mwaloni walikusanyika, na Aroni, mwanamume asiyejifunza, akaomba ndoo. Akamimina maji katika kasha la kulia, akamimina katika la kushoto, akafunga. Wakangoja. Hata tone. Watu wakapiga makofi, na Aroni akayakomba maji yale kwa kikombe polepole ili kila mtu ashuhudie yalivyokuwa mengi.

Mzee Muhidini hakupiga makofi. Alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya kufuma haimtoki kichwani, na maneno yake ni machache. Aliinama akapitisha kidole kwenye pembe za chini.

"Fundi, yale matundu je?"

"Nimeyamaliza," alisema Aroni kwa ukarimu. "Panya wako watatafuta pengine."

Muhidini aliinuka. "Ziwa unalijua lakini?"

"Tangu ujana, mzee wangu."

"Haya basi," alisema Muhidini. Akashuka, akamwendea Kokubanza, akamnong'oneza. Kokubanza akamtazama Aroni, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika, kisha akasema jambo fupi na mzee akainua mikono kuonyesha kwamba yeye hamo. Aroni aliwaona kwa mbali. Akafurahi sana kwamba kazi yake imewapendeza kiasi kile.

Waliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, mikungu imejaa katikati, Kokubanza juu ya mikungu, Muhidini kwenye usukani, na Fundi Aroni juu ya kasha la kushoto, mfuko wake wa zana mapajani. Ziwa lilikuwa limetulia. Kwa saa nzima ya kwanza alijiambia kwamba kumbe ni hivi tu. Tatizo lilikuwa mikono, maana ilitetemeka, na mikono ya seremala ikitetemeka watu huiona. Akaitafutia kazi. Sakafuni miguuni pa nahodha vitu vilikuwa vimetupwa ovyo: kamba, kisu, sufuria, na kile chombo cha mbao cha kukumbia maji nje ya mashua ambacho mabaharia hukiita upo. Aroni hakuwa na habari na jina lake. Aliona uchafu tu. Muhidini akiwa anaangalia tanga, yeye akakusanya kimoja kimoja, akavipanga vizuri ndani ya kasha la kushoto, akabakiza sufuria ambayo haikuenea, akakandamiza kifuniko. Puu.

Upepo ulianza walipokuwa wameiacha nchi nyuma. Tanga likajaa, mashua ikalalia upande wa kushoto, na mawimbi yakaanza kuruka juu ya ukingo na kumpiga Aroni mgongoni. Alifumba macho. Maji yaliyompiga yalimwagika juu ya kifuniko, yakatafuta bawaba, yakapita hapo kwenye bawaba kidogo kidogo na kuingia kashani. Yakishaingia, yakakaa. Yangekwenda wapi? Fundi alikuwa ameyajengea nyumba isiyovuja.

Huku nyuma zile mbao, ambazo miaka miwili hazikuonja kitu isipokuwa moshi, zilikuwa zinakunywa. Zilikunywa kwa uchu, zikavimba, zikashikana na ukingo.

Muhidini ndiye aliyegundua. Mashua ilikuwa inachelewa kuinuka, upande wa kushoto umekuwa mzito, na maji ya sakafuni yamefika kwenye vifundo vya miguu. Akapapasa chini kwa mguu, akapapasa tena.

"Upo uko wapi?"

Aroni alidhani anatafutwa mtu.

"Fundi! Kile chombo cha kukumbia maji kilikuwa hapa!"

Aroni alifumbua jicho moja. "Nimekiweka mahali pake," alisema kwa sauti ndogo. "Humu."

"Kitoe!"

Aroni aligeuka akashika kifuniko akavuta. Kikakataa. Akavuta kwa mikono miwili, akavuta huku ameegemeza mguu, akamwomba Mungu wa Izigo na wa Bukoba yote. Kokubanza akashuka kutoka kwenye mikungu akaja kuvuta naye. Kifuniko kilikuwa kimekuwa kitu kimoja na kasha. Lilikuwa kasha bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza maishani, na lilikuwa linawazamisha.

Wimbi moja kubwa likaingia. Kokubanza akatwaa sufuria akaanza kukumba nayo, na Aroni akaona uso wake. Haukuwa na kicheko hata chembe. Hapo kitu kikamkatika rohoni.

"Mama Alistidia!" alipiga kelele. "Mimi sijawahi kupanda mashua! Sijawahi! Nilikudanganya, jamani waitu! Naogopa! Naogopa mpaka naona giza!"

"Naona, Fundi!" Kokubanza alijibu huku anakumba. "Mfuko wako una nini?"

Mfuko? Aroni aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaingiza mkono, akatoa patasi na nyundo. Alikuwa analia waziwazi, na kamasi zinamtoka, hilo tusimfichie. Lakini mikono ilipokwisha kushika patasi iliacha kutetemeka. Akapiga magoti ndani ya maji, akaweka makali kwenye ukingo ule mzuri ambao alikuwa ameupiga randa siku mbili, akapiga. Ubao ukalia. Akapiga tena, akiomboleza kila pigo: "Naogopa, naogopa, naogopa." Kifuniko kikapasuka katikati. Akang'oa nusu, akazamisha mkono hadi begani, akaibuka na upo.

Kokubanza akaudaka, sufuria akamtupia Aroni.

"Ngoja!" alisema Muhidini. "Toboa kwanza! Chini, kwenye pembe!"

Aroni akatoa keekee akatoboa pale pembeni chini, mahali pale pale ambapo panya wake walikuwa wametoboa. Maji yakaruka kwa nguvu, yakamiminikia sakafuni, na kasha likaanza kupungua uzito. Akatambaa hadi la kulia akatoboa na hilo. Akiwa bado na keekee mkononi aligeuka, amelowa, akauliza kwa unyonge, "Kumbe hawakuwa panya?"

"Panya gani, mwanangu," alisema Muhidini. "Maji yanaingia popote. La muhimu yapate pa kutokea, tuyakumbe. Mama alisema tukuache, tutalowa kidogo, ucheke nasi, utoboe tukifika. Sikujua kwamba utanipangia na vyombo."

Wakakumba zamu kwa zamu, mwenye upo na mwenye sufuria, mpaka mashua ikainuka. Upepo ukapoa kabla ya adhuhuri. Waliingia Bumbire mikungu imelowa na Aroni ameinamia ukingo akilirudishia ziwa ndizi na karanga zote za Adventina.

Ufukweni alishuka akakaa mbali, nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikaa hapo muda wote mikungu ilipokuwa inateremshwa. Alikuwa ameshapanga maisha yake: atabaki kisiwani, atawachongea watu vinu, hatarudi Izigo kamwe. Kokubanza alipomaliza kazi alikuja akakaa mchangani karibu naye, akakamua kanga yake.

"Usinijibu," alisema Aroni bila kumtazama. "Jibu nalijua. Nimekudanganya, nimekuharibia mashua, nusura nikuue. Na nimelia mbele yako na mbele ya Mzee Muhidini."

"Umelia sana," alisema Kokubanza.

"Sana."

"Nilijua kwamba hujawahi kupanda. Siku ile ya kupima uliniuliza mbele ya mashua ni wapi."

Aroni alifunika uso kwa kofia. Kokubanza alicheka, kile kicheko chake cha kushika nguzo, ila hapa hapakuwa na nguzo. Kisha kikaisha. Akachezea mchanga kwa vidole.

"Wanamsifu Lameki kwamba hakuogopa," alisema. "Mbele yangu wanamsifu. Siku ile nilimshika shati, Fundi. Nilimwambia mawimbi ni makubwa, ngoja kesho, mtoto ana homa. Akanicheka. Akaubandua mkono wangu kwenye shati lake, kidole kimoja kimoja, huku anacheka, akaenda." Akafuta mikono. "Mimi sitaki mwingine asiyeogopa. Nimemzika mmoja, tena nimezika nguo zake tu. Wewe umeogopa, ukasema, na kazi ukaifanya. Jumapili uende Muleba kwa kaka yangu Kamugisha, ukaseme naye inavyotakiwa."

Aroni aliondoa kofia usoni. Alitaka kusema jambo kubwa, la kukumbukwa, kama wanavyosema wanaume wa mwaloni. Kule majini Mzee Muhidini alikuwa ameshapanda, anaita kwamba upepo ni mzuri, warudi.

"Mama Alistidia," alisema hatimaye, "kwa kweli bado naogopa."

"Najua," alisema Kokubanza. Akanyoosha mkono akalishika shati lake hapo begani, likiwa limelowa vile vile, akalikamata kwa ngumi. Akamwambia Muhidini kwa sauti kwamba wataondoka kesho. Aroni hakwenda popote.